Kuku wa Kupaka, Kutoka Kivinje Hadi Leicester

Siku ya tatu baada ya kutua Leicester, mwanangu alinipeleka Belgrave Road. Mtaa ule umejaa maduka ya sari, masonara, wauza jalebi na ladu, na hoteli za Kihindi mlango kwa mlango. "Mama, leo tunakula vya Wahindi," akasema. Nikaletewa orodha ya vyakula. Mstari wa kwanza: mogo. Chini yake: mishkaki. Chini zaidi: kuku paka. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma upya.

Mogo ni muhogo wetu, umekatwa vipande, ukakaangwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu. Na kuku paka ni kuku wa kupaka. Huyo nimemla tangu utotoni, Kilwa Kivinje, jikoni kwa bibi yangu mzaa mama, aliyewahi kuwa mpishi wa familia moja ya Makhoja waliokuwa na duka karibu na pwani.

Bibi alianza na nazi mbili. Alizikuna kwenye mbuzi, akakamua tui la kwanza kwa kifumbu na kuliweka kando, kisha akatia maji ya uvuguvugu akakamua la pili. Kuku alipasuliwa mgongoni akatandazwa, akapakwa tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, akalazwa juu ya makaa ya vifuu. Tui zito lilichemshwa na binzari na pilipili mbichi, huku akilikoroga bila kuacha lisije likakatika. Kisha, upawa kwa upawa, alimpaka kuku, akamgeuza, akampaka tena, mpaka tui likashika ngozi na kingo zikaanza kubabuka. Tui la pili halikumwagwa, lilipikia wali. Nilipomuuliza hiki ni chakula cha nani, cha Wahindi au chetu, alinijibu kwamba nazi ni yetu na mkono ni wake.

Swali langu lile lina umri mkubwa kuliko Kivinje yenyewe. Msafiri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Kabla hajafika Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa na samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na embe. Tonge la wali, kisha achari kidogo: ndivyo tulavyo hadi leo. Ila pilipili ile haikuwa pilipili mbuzi yetu. Pilipili mbuzi na muhogo asili yake ni Amerika, na vilifika huku baada ya kuja Wareno, hao hao walioipora Kilwa mwaka 1505. Ukitembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara na kuinamisha macho, utaona vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani vimechanganyika na vya kaure ya China. Hilo hunigusa kila nikienda: chungu cha kupikia ni cha nyumbani, bakuli la kulia limevuka bahari.

Kivinje yetu ilinenepa katika karne ya 19, chini ya masultani wa Unguja, ikawa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilishukia hapo, na watu waliofungwa minyororo, maelfu kwa mwaka. Wafanyabiashara kutoka Kachi na Gujarati, yaani Makhoja, Mabohora na Mabaniani, walikopesha nguo na shanga za misafara ile. Sipendi historia ya mapishi yetu iandikwe kana kwamba biriani ilielea yenyewe juu ya maji. Ilikuja pamoja na madaftari ya madeni. Na mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi, maduka ya Wahindi pale Samanga yalikuwa miongoni mwa mali za kwanza kuchomwa moto.

Jikoni, hata hivyo, mambo yalikwenda njia yake. Bajia, kachori, chapati, achari, kima: maneno haya yametoka India, na mtoto wa Lindi hajui kuwa ni mageni. Nakumbuka hoteli za chai za Lindi enzi mkonge ulipokuwa bado unalipa. Kabati la kioo mezani, ndani sambusa na katlesi, na mvuke wa chai ya iliki ukipaka kioo ukungu. Mwenye hoteli Mhindi, mpishi Mmwera au Mmakonde, na walaji ni kila mtu mwenye senti.

Kisha Wahindi wakaondoka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, na wengi waliokuwa wakiishi kwa kodi za nyumba wakafunga mizigo. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda likiwasihi wasiende huko. Walikwenda, kwa maelfu, na muhogo ukaenda nao.

Mwenye hoteli ile ya Belgrave Road, mama mtu mzima mwenye shali ya sufu, alipita kuuliza kama chakula kimetufaa. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akasimama. "Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi?"

"Kilwa."

"Kilwa ipi?"

Swali hilo haliulizwi na mtu aliyeiona Kilwa kwenye ramani tu. Nikamwambia Kivinje. Yeye alizaliwa Lindi, akaolewa Kampala. Akavuta kiti akaketi. Alikiri kwamba tui lake ni la kopo, kwa hiyo hajui tena la kwanza na la pili. Mama yake alikuwa akifanya jambo fulani na lile la pili, amelisahau. Nikaanza kumweleza bibi alivyopika wali. Akageuza karatasi ya bili, akachomoa kalamu, akaniomba niseme polepole.