Kuleta Maji, Kuweka Maji

Miji ya pwani ya Afrika Mashariki imekuwa na kazi mbili kuhusu maji: kuyaleta na kuyaweka. Ya kwanza imeacha majina ya masultani, mabomba marefu na sherehe za uzinduzi. Ya pili husahaulika, mpaka mvua ikose.

Kabla ya bomba, kila mji ulikunywa ilichokuwa nacho ardhi yake. Gedi, karibu na Malindi, visima vilichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, majumbani na misikitini. Maji yaliyotekwa kwa ajili ya udhu yalipita mferejini hadi birikani. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, aliona kuwa kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina. Kushuka kwa maji ardhini kukawa miongoni mwa sababu zinazotajwa za wenyeji kuuhama mji.

Mombasa, Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, kisima chao kilitoa maji ya chumvi, hivyo maji ya kunywa wakayakinga kwa mvua na kuyaweka katika birika. Waomani walipoizingira ngome hiyo kati ya 1696 na 1698, waliokuwa ndani waliijua thamani ya akiba. Aliyezingirwa haulizi maji yanatoka wapi, anauliza yamebaki kiasi gani.

Karne ya 19 ikabadilisha swali. Unguja ilipigwa na kipindupindu, ugonjwa wa maji machafu, mwaka 1869 na 1870. Baadaye Sultan Barghash, aliyetawala hadi 1888, akavuta maji ya chemchemi ya Chemchem mpaka Mji Mkongwe. Tangu hapo mji wenye maendeleo ukawa ule wenye bomba, na kila kizazi kikaenda kuyatafuta maji mbali zaidi. Mombasa ilianza na Marere kwenye vilima vya Shimba, kisha mwaka 1957 ikafika chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo, kwa bomba la takriban kilomita 220. Pale kulikuwa na bahati isiyoonekana kwa macho. Mvua ya vilima vya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini kabla ya kuibuka kwenye chemchemi hizo. Mombasa ilikuwa imejiunganisha na ghala ambalo halikujengwa na mtu.

Dar es Salaam haikupata ghala la namna hiyo. Ilipata mto Ruvu, unaopokea maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, Ruvu Chini mwaka 1976. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742 jijini, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mitambo ikapanuliwa: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Mto ukabaki bila bwawa la kuweka akiba. Mvua zilipokawia mwaka 2022, kina kikashuka na mgao wa maji ukatangazwa. Mitambo ilikuwa mikubwa, lakini mto haukuwa na maji ya kuipa. Wenye nafasi wakategemea simtanki na maboza, wasio nayo wakapanga madumu.

Hesabu ndogo inaeleza jambo hili. Mitambo hiyo miwili, ikifanya kazi kikamilifu, hutoa lita milioni 466 kwa siku. Tenki la Bangulo, lililojengwa kwa ajili ya wakazi wa kusini mwa jiji, hubeba lita milioni 9, yaani uzalishaji wa takriban nusu saa. Tenki kama hilo lina kazi yake. Hufikisha maji hadi mitaa ya mwinuko, hubeba mzigo wa asubuhi ambayo kila nyumba imefungua bomba, na huwapa mafundi muda wa kuziba palipopasuka. Kiangazi si kazi yake.

Kazi ya kiangazi ni ya bwawa. Wazo la bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu, mkoani Morogoro, lilizungumzwa kwa miongo mingi kabla ya mkataba wa ujenzi kusainiwa mwishoni mwa 2022. Likikamilika litahifadhi lita bilioni 190. Kwenye karatasi hizo ni zaidi ya mwaka mzima wa mitambo yote miwili, ingawa jua litachukua sehemu yake, na mto na wakulima zao. Tope pia litachukua nafasi, kwa kasi itakayotegemea namna miteremko ya Uluguru inavyolimwa na misitu yake inavyotunzwa.

Kwa hiyo mradi wa maji unapozinduliwa, haitoshi kutaja lita kwa siku na idadi ya kaya zilizounganishwa. Mji unaokua unastahili kuambiwa takwimu ya tatu: mvua isiponyesha, akiba iliyopo itawanywesha watu wake kwa siku ngapi.