Pango la Kuumbi na Suala la Mfupa wa Kuku

Upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Unguja, nyuma ya Jambiani, iko nchi ya mawe ambayo mtu aliyezoea mikarafuu na minazi ya upande wa magharibi huona taabu kuamini kuwa ni kisiwa kile kile. Udongo ni haba. Matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari katika zama za mbali yamesimama makali, na baina yake imeota miti mifupi na miiba. Wenyeji wamejua tangu zamani kulima katika nchi hiyo: hufyeka kichaka, hukichoma, hupanda mbegu katika vishimo vya udongo vilivyo kati ya mawe, kisha hukiacha kipumzike miaka kadhaa. Lakini mito hakuna. Mvua inyeshapo hupenya mara moja katika chokaa ikapotelea chini. Ndiyo sababu mapango ya upande huo, ambamo maji matamu hupatikana, yamethaminiwa na watu kuliko mtu wa mjini awezavyo kudhani.

Pango la Kuumbi ni mojawapo ya mapango hayo. Njia yake hutoka pwani ikakata kichaka kwa mwendo wa kilomita chache, na mgeni haoni dalili ya pango mpaka awe karibu kabisa, kwa kuwa halimo katika mlima wala jabali. Limo chini ya nchi tambarare, na mlango wake ni mahali palipoanguka dari. Huteremka kutoka katika jua kali akaingia katika ukumbi mpana wenye ubaridi, ambamo chokaa iliyochuruzika kwa maelfu ya miaka imefanya nguzo na vidole vya mawe. Siku hizi wageni wengi hupelekwa kulitazama, na waongozaji huwaeleza kwamba watu walikaa humo tangu zama za mawe. Maelezo hayo ni kweli. Ila yako mengine yaliyowahi kuandikwa juu ya pango hili ambayo hayakusimama yalipopimwa mara ya pili, na habari ya jinsi yalivyoandikwa na jinsi yalivyopimwa yastahili kujulikana na kila anayesoma historia ya pwani.

Kwanza lakini haifai kupita bila ya kutaja kwamba pango halikuwa limesahauliwa kabla ya wachimbaji kufika. Katika kusini ya Unguja, mapango kama hili huhesabiwa kuwa makao ya mizimu. Kila mji ulikuwa na wavyale wake, watu wa ukoo wa kale waliotambuliwa kuwa ndio wenye kujua namna ya kunena na mizimu hiyo kabla ya kulima shamba jipya, au wakati wa maradhi. Na watu waliendea pango na ubani, marashi na vipande vya nguo, huku wakiwa Waislamu wasioacha sala zao. Wapo waliolidharau jambo hilo kuwa ni ushirikina mtupu. Hata hivyo heshima hiyo imefanya kazi ambayo sheria za serikali nyingi zimeshindwa kuifanya: mahali penye mwenyewe hapachimbwi ovyo wala hapavunjwi mawe ya kujengea. Tabaka za udongo zilizowafurahisha wataalamu baadaye zilihifadhiwa kwa sehemu kubwa na khofu na adabu za watu hao.

Uchimbaji wa kitaalamu ulifanywa mwaka 2005, na waliouandikia taarifa yake ni Paul Sinclair, Abdurahman Juma na Felix Chami. Chami, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudia matokeo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2009, ambacho hata jina lake linaitaja Unguja na pwani ya Waswahili tangu miaka 30,000 iliyopita. Taarifa hizo zilisema mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba watu waliishi Kuumbi tangu zama za barafu, wakati bahari haijapanda. La pili, lililoleta mshindo zaidi, ni kwamba katika tabaka za katikati, zilizokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 4,000, ilionekana mifupa ya wanyama wa kufugwa, na pamoja nayo mifupa ya kuku.

Msomaji asiyezoea mambo haya atauliza kuku ana ajabu gani. Ajabu yake ni kwamba asili ya kuku si Afrika. Babu yake ni ndege wa msituni wa kusini-mashariki ya Asia, naye hakuvuka bahari ya Hindi kwa mbawa zake. Kwa hiyo mfupa mmoja wa kuku wa umri huo, ukithibitika, ungekuwa hati ya safari: ungeonyesha kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakipokea vyombo kutoka Asia, au wakisafiri wenyewe, miaka elfu mbili na zaidi kabla ya kile kitabu cha baharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus kuitaja bandari ya Rhapta.

Wala haikuwa habari ya udadisi tu. Kwa muda mrefu historia ya pwani iliandikwa kana kwamba ilianza siku mgeni aliposhuka chomboni. Reginald Coupland, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliipa Afrika Mashariki historia ya wavamizi wake, na jina la kitabu lenyewe lilisema hivyo. James Kirkman alipochimba Gedi, na Neville Chittick alipochimba Kilwa, magofu waliyoyaona waliyaeleza zaidi kuwa ni kazi ya Waarabu na Waajemi waliohamia. Kizazi kilichofuata kiliyapindua maelezo hayo, na Chami alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kubwa: katika tasnifu yake ya mwaka 1994 alionyesha kwamba vyungu vya miji ya kwanza ya pwani, vile vyenye nakshi za pembetatu, vimetokana na vyungu vya wakulima wafua chuma waliotangulia katika nchi hii hii. Hilo halikuvunjwa. Basi mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba mizizi ya mji wa Kiswahili ni ya hapa hapa, alipoona mfupa wa kuku katika udongo wa kale, yafahamika kwa nini alitamani kuirudisha historia ya safari za bahari nyuma zaidi.

Mwaka 2012 kundi jingine lilirudi pangoni, nalo ni la mradi ulioitwa Sealinks, ulioongozwa na Nicole Boivin aliyekuwa Oxford wakati huo. Walichimba upya na kuchukua vipimo 20 vya umri, vingine kwa kupima kaboni iliyosalia katika mkaa na mabaki mengine, vingine kwa kupima nguvu ya mwanga iliyofungika ndani ya chembe za mchanga tangu zilipofunikwa mara ya mwisho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016 katika jarida la Azania na mengineyo. Jambo la kwanza waliloligundua ni kwamba udongo wa Kuumbi si kitabu chenye kurasa zilizopangwa. Umeteremka, umechimbuliwa na wanyama, umechanganyika, hata kitu kichanga chaweza kukutwa kando ya kitu kikongwe. Mtu akiupima mkaa mmoja kisha akauvisha umri wake kila mfupa ulio jirani, aweza kukosea kwa maelfu ya miaka bila ya kuwa na nia mbaya wala uzembe.

Kwa vipimo hivyo vipya, vilionekana vipindi vitatu vya makazi. Viwili vya kwanza ni vya mwisho wa zama za barafu. Cha tatu kimeanza kufikia mwaka 600 B.K. Baina yake, kwa sehemu kubwa ya miaka elfu kumi hivi, pango halikukaliwa. Ule utamaduni wa wafugaji wa zama za mawe uliotajwa kuwapo katikati hapo haukuonekana. Na kuku? Mifupa ya kuku haitofautiani kwa wepesi na ya kanga na kwale, ndege wa Afrika wenyewe, hasa inapokuwa vipande vipande. Uchunguzi wa mwaka 2017, uliotumia protini na chembe za urithi zilizosalia ndani ya mifupa kutoka mahali pengi pa Afrika Mashariki, ulipata uthibitisho imara wa kuku na wa panya mweusi, mgeni mwenziwe wa melini, katika karne ya 7 na ya 8 B.K., ingawa uliacha nafasi ya kwamba huenda walifika kabla kidogo. Kisha mwaka 2022 ikatangazwa kwamba mifupa ya kuku wa kufugwa iliyo ya kale kuliko yote, kwa kadiri iaminikavyo, ni ya Ban Non Wat, Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Haielekei kuku awe amefika Unguja kabla ya kufugwa kwao.

Wako waliolipokea jambo hili kwa uchungu, kana kwamba watafiti wa Ulaya wamekuja tena kuwapokonya Waafrika kitu chao. Uchungu huo una historia yake na si wa kuchekwa. Lakini haukuwekwa mahali pake. Kuku, hata angethibitika, angekuwa ushahidi wa kitu kilicholetwa. Ilhali vitu vilivyobaki Kuumbi baada ya kumwondoa kuku ni kazi za mikono ya wenyeji tupu, na habari zake zashinda za kuku kwa mbali.

Wakati wa zama za barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda katika nchi za kaskazini na kusini, na usawa wa bahari ulishuka kiasi cha mita 120 chini ya ulivyo leo. Unguja haikuwa kisiwa. Mtu aliweza kutoka Kuumbi akatembea mpaka zilipo Bagamoyo na Saadani bila ya kulowa ila katika mito, na wanyama walifanya vivyo. Katika mifupa iliyochimbwa wamo punda milia, nyati na kuro, wanyama wa mbuga na majani, ambao leo mtoto wa Jambiani huwajua kwa picha. Wawindaji walichonga vijembe vidogo vya jiwe la kwatsi na ncha za mifupa. Baadhi ya ncha hizo, zenye umri wa miaka 13,000 hivi, ni nyembamba mno kuweza kumwangusha nyati kwa jeraha lake peke yake, na waliozichunguza wakaona ya kuwa yamkini zilipakwa sumu. Kama ndivyo, watu hao walijua mimea yao kama mganga ajuavyo. Pia walikula vitu vya bahari. Pwani ilikuwa chakula chao zamani kabla ya kuwa bandari ya mtu yeyote.

Kisha barafu ikayeyuka na bahari ikapanda. Haikupanda kwa siku moja. Vizazi vingi viliona mabonde yakigeuka kuwa maziwa ya chumvi, na maziwa yakaungana, mpaka mkondo wa Unguja ukafungua njia kutoka kaskazini hadi kusini. Kundi la punda milia lililobaki upande huu halikuwa na pa kwenda. Wanyama wakubwa walikuwapo bado kisiwa kilipokuwa kikijitenga, lakini katika tabaka za juu hawaonekani tena. Kama walimalizwa na wawindaji, au na udogo wa malisho, wachimbaji wenyewe hawakutaka kulikata shauri, na walifanya vema. Katika wanyama wakali alidumu chui peke yake, akadumu mpaka karne ya 20, akisingiziwa kuwa anafugwa na wachawi, hata baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapigwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui pamoja.

Watu nao waliondoka, au walikufa, au walihamia ng'ambo, pango halisemi. Huko bara, katika milima ya chokaa ya Kilifi, pango la Panga ya Saidi lina makazi ya watu yaliyorudiwarudiwa tangu miaka 78,000 iliyopita, na humo mwaka 2021 yalitangazwa mazishi ya mtoto wa miaka mitatu hivi, ya kale kuliko mazishi yote yajulikanayo katika Afrika. Bahari haikuwatenga watu wa Panga ya Saidi na nchi yao. Kuumbi iliwatenga. Pengo la Kuumbi, ambalo nadharia ya wafugaji ilijaribu kulijaza, ndilo linaloonyesha maana ya kuwa kisiwa kwa watu ambao huenda hawakuwa bado na chombo cha kuvukia mara kwa mara.

Watu waliporudi, kufikia mwaka 600 B.K., walikuja katika dunia nyingine. Upande wa magharibi wa kusini ya kisiwa hicho hicho, mji wa Unguja Ukuu ulikuwa ukiinuka. Juma, aliyeuchimba, alikuta humo vyombo vya Ghuba ya Uajemi na vya China. Mtu angetazamia kwamba watu wa Kuumbi, waliokuwa jirani zao, wangekuwa maskini wa mji huo, wakiokota makombo yake. Sivyo ilivyoonekana. Vyungu vyao vina nakshi za pembetatu za jamaa moja na za pwani nzima, lakini zimechorwa kwa namna yao wenyewe isiyopatikana kwingine. Badala ya kwatsi, walichonga zana za chokaa ya pale pale, wakati ambapo chuma kilikuwa kikifuliwa katika nchi za jirani. Na chakula chao hakikuwa cha wakulima wala wafugaji: waliwinda wanyama wadogo wa kichakani na kuokota vya pwani, karibu sawa na wale wa zama za barafu, isipokuwa nyati na punda milia hawakuwapo tena.