Gharama za tiba ya kisaikolojia na namna ya kuzilipia

Anayeugua malaria kwa kawaida hulipia matibabu mara moja na kurejea kazini. Anayetibiwa sonona, hofu iliyopitiliza au athari za msiba mzito hulipia tiba kwa wiki kadhaa, kwa kuwa tiba ya mazungumzo hutolewa kwa vikao vinavyofuatana. Familia nyingi hujipanga kwa ajili ya siku ya kwanza pekee. Fedha zinapokwisha, mgonjwa huacha tiba pale ilipokuwa imeanza kumsaidia.

Kikao kimoja huchukua dakika 45 hadi 60. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa mwenye sonona mara nyingi huhitaji vikao 12 hadi 20, ingawa upo utaratibu mfupi wa Shirika la Afya Duniani, ulioandaliwa kwa ajili ya maeneo yenye wataalamu wachache, wenye vikao vitano vya dakika 90. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtaalamu lisiwe bei ya kikao, bali idadi ya vikao anavyokadiria. Nauli nayo ihesabiwe. Mkazi anayetumia shilingi 6,000 kwenda na kurudi atakuwa ametumia shilingi 72,000 kwa vikao 12, kabla ya kulipia huduma yenyewe. Pale inapowezekana, ni vyema kuomba kikao kipangwe siku ile ile ya kuchukua dawa.

Gharama hutegemea pia nani anayetoa huduma. Daktari wa magonjwa ya akili huchunguza na kuandika dawa. Mwanasaikolojia hutoa tiba ya mazungumzo, wala haandiki dawa. Si kila mgonjwa anahitaji wote wawili. Mwenye dalili zisizo za dharura anashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapimwa na kupewa rufaa ikihitajika. Kuruka ngazi hizo na kwenda moja kwa moja hospitali ya kanda au ya taifa huongeza gharama, na huenda bima ikakataa kulipa kwa kukosa rufaa.

Kuhusu bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe mwanachama wa skimu ya bima ya afya. Kwa mtumishi wa umma aliye katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Hata hivyo, kuwa na kadi si uthibitisho kwamba kila huduma italipiwa. Kitita cha mafao hubadilika, kama kilivyobadilika tarehe 1 Machi 2024, na bima inayolipia kumwona daktari na dawa inaweza kuweka masharti kwa vikao vya mazungumzo. Mwanachama aulize kabla ya kikao cha kwanza: je, vikao vinalipiwa, ni vingapi, katika kituo kipi, na je, kibali cha awali kinahitajika?

Asiye na bima wala uwezo hajafungiwa mlango. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa matibabu kwa makundi maalumu na kwa wasiojiweza. Utaratibu huanzia nyumbani: mwombaji huchukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, kisha humwona Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, anayetathmini hali yake. Wengi hufika kwa afisa huyo wakiwa tayari na deni. Ni afadhali kumwona siku ya kwanza.

Mwajiriwa asisahau haki yake ya muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwasilisha cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, na cheti hakilazimiki kumweleza msimamizi yaliyozungumzwa katika kikao.

Kwa ushauri wa afya, mwananchi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, na kwa masuala ya mtoto namba 116. Zote ni bila malipo. Dalili za kutaka kujidhuru ni dharura: mgonjwa afikishwe hospitali iliyo karibu mara moja, na suala la malipo lifuate baadaye.

Kwa aliyekwisha kuanza tiba na kuona fedha zinapungua, amweleze mtaalamu kabla ya kikao kinachofuata. Vikao vinaweza kutenganishwa kwa wiki mbili badala ya moja, au mgonjwa akahamishiwa kituo cha umma pamoja na taarifa zake. Dawa zisikatishwe bila kumwona daktari, kwa kuwa baadhi yake zikiachwa ghafla humrudisha mgonjwa katika hali mbaya, na gharama ya kuanza upya huwa kubwa kuliko ya kuendelea.