Kabla Ulipie Kutambaa Kwenye Matope, Jua Matope ya Mwea

Wasee, leo naudhi watu wa pande mbili. Wale mnaosema mbio za matope ni upuzi wa wazungu na watoto wa Nairobi wenye pesa, hamko sawa. Na wale mnaochukua hizi mbio kama mahali pa kupiga picha halafu mnaenda nyama choma, nyinyi pia hamko sawa. Hasa kama unatoka huku kwetu Kirinyaga. Huku matope yana historia, na hiyo historia haikuanza na fulana ya bure na medali.

Muktadha kidogo. Mbogi yetu ya watu sita hapa Kagio inajiandaa kwa mbio ya matope. Kama hujawahi kuona moja, ni kilomita kadhaa na vizuizi katikati. Unatambaa chini ya nyaya, unapanda ukuta wa mbao, unabeba gogo, unaruka mtaro, unaingia maji ya baridi mpaka kifuani. Ukuta ukiwa mrefu, mmoja anainama na mwingine anapanda mgongo wake. Tuko wiki ya tatu ya mazoezi. Tukipita sokoni na viatu vimejaa tope, akina mama wa nyanya wanatuuliza kama tumekosa kazi za kufanya. Ni swali zuri, manze, na linataka jibu refu.

Hii kitu ilitoka wapi

Mwaka wa 1902 mlima Pelée ulilipuka kisiwani Martinique na ukaua karibu watu 30,000. Afisa mmoja wa jeshi la maji la Ufaransa, Georges Hébert, alikuwa huko na akashiriki kuokoa watu. Alichojifunza ni kwamba nguvu ambayo haiwezi kusaidia mtu mwingine wakati wa shida haina maana. Katika safari zake pia alikuwa ameangalia watu wa Afrika na kwingine, wenye miili imara na wepesi ambao hawajawahi kuona jim. Akatengeneza njia yake ya mazoezi: kukimbia, kupanda, kubeba, kuogelea, kuvuka vizuizi. Majeshi yakaichukua.

Sasa ruka hadi Uingereza, 1987. Billy Wilson, mzee aliyekuwa askari, akaanzisha mbio za matope kwa shamba lake karibu na Wolverhampton. Ziliitwa Tough Guy. Mwaka wa 2010 huko Marekani zikaanza Tough Mudder na Spartan Race, biashara ikalipuka, na leo watu dunia nzima wanalipa ili waumie kidogo Jumamosi.

Kulipa ili uumie si jambo geni. Ile mashine ya kukimbilia iliyo jim, babu yake alikuwa adhabu. Mwaka wa 1818 mhandisi Mwingereza anayeitwa William Cubitt alitengeneza gurudumu kubwa la ngazi kwa ajili ya wafungwa. Walikuwa wanapanda masaa na masaa bila kufika popote. Mwandishi Oscar Wilde aliwekwa kwenye hiyo kitu alipofungwa 1895, na sheria ya magereza ya 1898 ndiyo ilianza kuifuta Uingereza. Leo unalipa kwa mwezi uitumie, na unaweka maskio vichwani na wimbo juu. Sawa, ni maskioni, lakini ukishakimbia dakika arobaini utaelewa kwa nini nimechanganyikiwa.

Kwa hivyo adhabu inaweza kugeuka kuwa mchezo. Shida inakuja pale mchezo unafanya watu wasahau adhabu. Na sisi hapa tumesahau vibaya.

Mtaro wa msituni

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Wanaume wengi wa Mlima Kenya wakaishia msituni au kizuizini. Kutoka 1954 gava ya mkoloni ilihamisha watu zaidi ya milioni moja, kwa nguvu, ikawaweka kwa vijiji vilivyozungushiwa ua na miti iliyochongwa. Halafu ikaamua kukata uhusiano kati ya hivyo vijiji na wapiganaji. Vipi? Kwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu, karibu kilomita 80. Lilikuwa na kina cha futi kumi hivi, na ndani yake kulikuwa na vijiti vilivyochongwa kama mikuki, na seng'enge.

Waliochimba ni watu wa vijiji, na wengi wao walikuwa wanawake kwa sababu wanaume hawakuwepo. Hawakulipwa. Jua, mvua, baridi ya mlima, watoto mgongoni, jembe na karai. Nikimwambia mtu hiyo ndiyo kozi kubwa zaidi ya vizuizi iliyowahi kujengwa huku kwetu, anadhani nafanya mzaha. Sifanyi. Ilijengwa na mama zetu ili isivukwe na waume na ndugu zao.

Na ilifanya kazi. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa huko Tetu, Nyeri, na askari waliokuwa wanalinda huo mpaka wa msitu. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Cucu wa mmoja wetu alichimba huo mtaro akiwa msichana. Mjukuu alipomwelezea mbio zetu, ukuta, nyaya, matope, akasikiza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Na ni nani amewatuma?" Mjukuu akamwambia, "Hakuna, cucu. Ni sisi wenyewe." Akacheka, akamwambia basi avae nguo nzito, asije akapata baridi ya kifua.

Matope ya Mwea

Sasa tushuke chini kidogo. Kutoka Kagio ukishuka upande wa Mwea, udongo unabadilika. Kule juu Kerugoya ni mwekundu, unateleza. Mwea ni mweusi, unanata, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mpunga wa huko ndio pishori unayopikiwa Krismasi, na ndio sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya. Lakini mifereji ya kwanza ya hayo mashamba ilichimbwa katikati ya miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau. Thiba, Kandongu, Gathigiriri: haya majina unayasikia leo kwa kondakta wa matatu yalikuwa majina ya kambi.

Mwaka wa 1957 kambi za Mwea zilipewa afisa anayeitwa Terence Gavaghan. Kazi yake ilikuwa kuvunja wale waliokataa kabisa kukiri kiapo. Waliletwa kwa vikundi vidogo vidogo kutoka kambi kama Manyani, wakachanganywa na wengi waliokuwa wameshakubali kushirikiana. Siku ya kuingia walilazimishwa kunyolewa na kuvaa nguo za kambi. Aliyekataa alipigwa.

Wengine walikuwa na njia moja ya mwisho ya kupinga: sauti. Mmoja anaanza kulia kwa sauti ya chini, wengine wanaitikia, mpaka kambi nzima inalia pamoja. Mwezi wa Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana akieleza jinsi hiyo sauti ilivyokuwa inazimwa. Anayeianzisha analazwa chini, anakanyagwa kooni, na mdomo wake unajazwa matope.

Soma hiyo tena. Matope ya Mwea. Mdomoni.

Na huyo Mwanasheria Mkuu hakuwa anaandika kulalamika. Alikuwa anasaidia kupanga sheria ili ile nguvu iruhusiwe. Barua zake zinaonyesha alijua ni dhambi. Ushauri wake ulikuwa kwamba kama ni kutenda dhambi, itendwe kimyakimya. Makaratasi kama haya yalifichwa Uingereza, mahali panaitwa Hanslope Park, na gava ya huko ilikubali kuwa nayo mwaka wa 2011 tu, baada ya wazee wetu kwenda mahakamani London.

Njia ya Mwea ilipelekwa mpaka Hola, huko Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kuchimba mtaro wa maji walipigwa mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Hola tulifundishwa shuleni. Mwea, ambayo naweza kufika kwa bodaboda, hakuna aliyenifundisha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sina digrii ya historia, lakini hii haihitaji digrii. Inahitaji kuuliza watu wa kwenu.

Mmoja wa walioshtaki Uingereza ni Jane Muthoni Mara, aliyepelekwa kambi ya Gatithi akiwa msichana wa miaka 15 na kuteswa huko. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Piga hesabu: ni chini ya pauni elfu nne kwa kila mtu.

Uhuru haukumaliza hiyo stori

Mwaka wa 1966 Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikachukua usimamizi. Mkulima wa Mwea alipewa ekari nne, lakini hazikuwa zake. Alikuwa mpangaji wa bodi. Bodi iliamua alime lini, ikachukua mpunga, ikakata gharama zake, ikamlipa kilichobaki. Aliyevunja masharti angeweza kufukuzwa. Mzee angezeeka kwa hayo matope bila kuwa na karatasi ya kipande chake.

Mwaka wa 1998 wakulima wakasema imetosha. Wakakataa kupelekea bodi mpunga, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika. Kulikuwa na vurugu na polisi. Lakini tangu hapo, mambo hayajarudi yalivyokuwa. Kwangu mimi hiyo 1998 ni historia kubwa kama zile tunazoimba Mashujaa Dei, tena ni ya juzi. Walioifanya bado wanakunywa chai Ngurubani.

Kwa hivyo tukimbie ama tusikimbie?

Tukimbie. Nimesikia watu wakisema ni kuwakosea heshima wazee. Sikubaliani. Angalia uzi unaopita kwenye hizi hadithi zote: mfungwa wa gurudumu, mama wa mtaro, mahabusu wa Mwea, mpangaji wa bodi. Kilichowaumiza si tope. Tope ni udongo na maji, na watu wa Mwea wanasimama ndani yake kila msimu kulisha nchi. Kilichowaumiza ni kwamba hawangeweza kusema "nimechoka, naenda nyumbani." Wewe unaweza. Cucu alielewa hiyo tofauti kwa swali moja.

Basi ukikimbia, kimbia kama mtu anayejua. Na ujiandae vizuri, kwa sababu matope hayajali una wafuasi wangapi.

Moja, jifunze kutembea kwa wale wanaopanda mpunga. Mguu haung'olewi kwa pupa. Unainua kisigino kwanza, hewa iingie, ndio unavuta. Hatua fupi, magoti juu, usisimame. Ukisimama unazama.

Mbili, usifanye mazoezi kwa mifereji ya Mwea. Nasema hivi kwa uzito. Kichocho kipo. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinaingia kupitia ngozi, hata kama huna kidonda. Mazoezi ya matope fanya kwa shamba baada ya mvua. Kama umeshaingia kwa mfereji, nenda hospitali upimwe; dawa ipo. Na uhakikishe umechanjwa pepopunda, kwa sababu nyaya na misumari haibembelezi.

Tatu, mikono. Wengi wanakimbia tu halafu wanashindwa na kamba. Ning'inia kwa tawi la mti sekunde thelathini, pumzika, rudia. Beba ndoo mbili za maji badala ya kuita mkokoteni. Huku kwetu jim ni bure, ni vile inaitwa kazi za nyumbani.

Nne, nguo nyepesi inayobana. Jinzi na pamba zikilowa zinakuwa mzigo. Viatu vya zamani vyenye meno, vifungwe mara mbili.

Tano, fanyeni mazoezi ya kuinuana. Sisi tuna sheria: wa kwanza kufika ukuta ndiye wa mwisho kuuvuka. Ukimwacha mwenzako ili upate muda mzuri, umekimbia mbio nyingine, si hii yetu.

Ya sita ni kazi ya nyumbani, na ndiyo ngumu zaidi kwa sababu ina muda wake. Msichana aliyechimba ule mtaro akiwa na miaka 14 mwaka wa 1954, leo amepita 80. Wamebaki wachache. Jumapili hii kaa na cucu ama guka wako, washa kinasa sauti cha simu, na muulize alikuwa wapi wakati wa Hali ya Hatari. Muulize alichimba nini. Kama hataki kuongea, usimlazimishe, hao wamelazimishwa ya kutosha. Akiongea, usimkatize.

Halafu uniambie kwenye maoni: kwenu kulikuwa kambi gani, na leo pale pamejengwa nini?