Somo la Historia: Nani Aliyelipia Chuo Kikuu cha Dodoma?

  Ninyi mlio katika vikundi, mwenyekiti na awaweke watu tayari, na katibu ashike daftari na kalamu, kwa maana mwisho wa somo nitatoa maswali matatu ya kuzungumza.

Leo twazungumza habari za Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho watu wengi hukiita UDOM. Atokaye mjini akielekea mashariki, kwa mwendo wa kilomita nane hivi, hukiona katika vilima vya Chimwaga. Eneo lake ni hektari zipatazo 6,000. Majengo yake hayakukusanyika pamoja kama boma. Yamegawanyika katika ndaki, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani ya chuo kikubwa: ndaki ya elimu, ya tiba, ya insia na sayansi za jamii, ya sayansi asilia na hisabati, na nyinginezo. Kutoka ndaki moja hata nyingine ni mwendo wa kuchosha miguu.

Mtu akiutazama ukubwa huo huuliza: Ni nani aliyejenga? Wengi hujibu upesi, "Serikali." Jibu hilo si la uongo, lakini halikutimia. Historia yatufundisha kuuliza zaidi: Serikali ilipata wapi fedha? Na nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani?

Kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Ugogo ni nchi kavu. Mvua hunyesha kwa miezi michache tu, tangu Desemba hata Aprili, na mwaka zinapokosa kufika, njaa hubisha hodi. Wazee wa Ugogo walisimulia njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Katika nchi ya namna hiyo, mzazi aliyemtoa kijana machungani akampeleka shule alikuwa ametoa mali kubwa. Alitoa mikono ya kazi bila kujua kama atarudishiwa kitu.

Na shule zenyewe zilikuwa chache. Dodoma palikuwa na shule ya sekondari ya misheni iliyoitwa Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo. Kijana aliyefaulu sana na kutaka elimu ya juu ilimpasa kuvuka mpaka kwenda Makerere, Uganda, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922. Huko ndiko alikosoma Mwalimu Julius Nyerere tangu 1943 hata 1945. Tanganyika yenyewe haikuwa na chuo kikuu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa historia ya Dar es Salaam na historia ya Dodoma zinafanana kama ndugu wawili. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam. Hakikuwa na jengo lake. Chama cha TANU kilitoa jengo lake la Mtaa wa Lumumba, na humo wanafunzi wachache wa sheria, wasiozidi kumi na watano, wakaanza masomo. TANU kilikuwa chama cha wakulima, wafanya kazi na wachuuzi, na nguvu yake ilikuwa viingilio na michango yao. Basi mwanafunzi wa kwanza wa chuo kikuu aliketi katika nyumba ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili.

Lakini je, msomi ana deni kwa watu hao? Swali hilo lilizuka kwa kishindo mwaka 1966. Serikali ilitaka wahitimu wafanye kazi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee mshahara uliopunguzwa. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza chuoni wanafunzi karibu 400. Lakini hakuishia hapo. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa nayo ilikuwa mikubwa mno, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Shikeni jambo hili: deni halikuwa la kijana peke yake. Mwenye kudai naye alitakiwa aonyeshe mkono wake.

Turudi Dodoma. Mwaka 1973 chama kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, katikati ya nchi, ili yawe karibu na watu wote. Kazi ya kuhamia ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Ndipo Chama cha Mapinduzi kikawa na ukumbi mkubwa wa mikutano huko Chimwaga. Ni hapo ambapo mwaka 2005 Bwana Jakaya Kikwete aliteuliwa kugombea urais. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, ukumbi ule ule ukawa mwanzo wa chuo kikuu. Hati yake ilitolewa Machi, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Septemba. Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa, na Makamu wake, ndiye mtendaji wa kila siku, alikuwa Profesa Idris Kikula. Kwa mara ya pili, nyumba ya chama ikawa darasa. Na mwaka huo huo, mahali pa shule ile ya Mazengo, Kanisa Anglikana lilianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Hivyo mji uliokuwa hauna chuo kikuu hata kimoja ulipata viwili.

Ukumbi mmoja usingetosha. Mpango ulikuwa kwamba UDOM ikikamilika ichukue wanafunzi 40,000. Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu miaka hiyo shule za sekondari zilikuwa zimejengwa karibu kila kata, watoto walijaa madarasani, na walimu hawakutosha. Fedha za kujenga zilitoka kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii: NSSF, PSPF, PPF na LAPF. Wasikilizaji, fedha za mifuko hiyo ni za nani? Ni akiba ya mwalimu, ya mganga, ya dereva, ya karani wa halmashauri, zinazokatwa kila mwezi ili zimtunze uzeeni. Mifuko ilijenga, na Serikali ikaahidi kulipa.

Malipo yalichelewa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alilitaja deni hilo katika ripoti zake. Mwaka 2018 PSPF, PPF na LAPF ziliunganishwa na mfuko mwingine kuwa PSSSF. Basi yule mwalimu wa kijijini, ambaye pengine hajafika Dodoma, naye ni mmoja wa waliojenga mabweni yale.

Chuo pia kimepata majaribu. Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu, baada ya masomo yao kusimama kwa sababu ya mgogoro na walimu, waliamriwa kuondoka mara moja. Baadaye wachache walirudishwa UDOM, wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu, na wengine wakaambiwa hawana sifa. Wako waliosema amri ilikuwa kali mno, na wako waliosema chuo kikuu hakikuwa mahali pao. Jambo moja ni wazi: wazazi wao walikuwa wamekwisha kulipa nauli, nguo na matumaini. Mwaka huo huo Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa haraka, wizara kadhaa zilipata hifadhi katika majengo ya chuo. Mgeni mwenyewe akawa mwenyeji.

Sasa neno juu ya mila za chuo. Kubwa kuliko zote ni mahafali. Majoho yale marefu ni urithi wa vyuo vya kale vya Ulaya, ambako wasomi wengi walikuwa watu wa kanisa. Wahitimu husimama, Mkuu wa Chuo huwatunuku shahada, na hapo vigelegele hupigwa. Mama aliyetoka Kondoa au Mpwapwa humvika mwanawe shada la maua, na joho huvaliwa kwa zamu na ndugu wote ili wapigwe picha. Wengine huona ni mchezo. Mimi naona ni haki yao kabisa. Waliolipa wanavaa walichokinunua.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Msomi hulipa kwa kufanya kazi yake kwa uaminifu mahali anapohitajiwa. Mkubwa hulipa kwa kurudisha akiba ya watu kwa wakati wake, na kwa kutowachezea vijana.

Haya, maswali ya vikundi. La kwanza: Katika kijiji chenu, ni nani waliochangia elimu bila wao kusoma? La pili: Je, wanafunzi wa 1966 walikuwa na haki yoyote? Toeni sababu za pande zote mbili. La tatu: Mtoto wa hapa akirudi na shahada, sisi tumemwandalia kazi gani?

Andikeni majibu yenu, kisha myasome kwa sauti mbele ya wote. Kwaherini.