Diwani katika Machakos

Diwani, ambaye tangu uchaguzi wa Machi 4, 2013 ni mjumbe wa bunge la kaunti, huwakilisha wadi moja kati ya 40 za Kaunti ya Machakos, zikiwamo Mutituni, Kola na Kalama; na pamoja na waliochaguliwa huketi wajumbe walioteuliwa na vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kabla ya hapo, madiwani wa Baraza la Manispaa ya Machakos walimchagua meya miongoni mwao, lakini chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, sheria ndogo zao hazikuwa na nguvu pasipo idhini ya waziri aliyekuwako Nairobi.

Mamlaka ya diwani peke yake ni haba kuliko raia wengi wanavyodhani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamwamuru awasikilize wapiga kura na kuyafikisha maoni yao katika bunge la kaunti, na papo hapo inamharimisha asiingilie kazi za utendaji, hata asitoe huduma kana kwamba ni mwajiriwa wa kaunti. Basi si insafu kumlaumu kwa barabara ambayo hana amri ya kuitengeneza, bali ni haki, tena ni wajibu, kumhoji jinsi alivyoipigia kura bajeti iliyoisahau barabara hiyo na jinsi alivyomkagua gavana na mawaziri wake. Anayoyanena katika kikao hashtakiwi kwayo mahakamani.