Dawa za kupunguza asidi ya tumbo: jinsi ya kuzitumia kwa usalama kandokando ya Ziwa Mweru

Vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo huwapa nafuu watu wengi wanaosumbuliwa na kiungulia au vidonda vya tumbo. Hata hivyo, kwa wakazi wa Nchelenge, Kashikishi na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano, dawa hizi zinahitaji uangalifu wa pekee. Sababu ni kwamba kandokando ya Ziwa Mweru kipindupindu kimezuka mara kadhaa, na asidi ya tumbo ni miongoni mwa kinga za mwili dhidi ya ugonjwa huo.

Asidi hiyo husaidia kusaga chakula na pia huua vijidudu vingi vinavyomezwa pamoja na chakula au maji. Inapopanda kwenye umio, mtu huhisi moto kifuani. Huko ndiko kupata kiungulia. Vidonda vya tumbo ni jambo jingine: mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helikobakta pilori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mwenye bakteria huyo huhitaji pia antibiotiki, kwa hiyo kupunguza asidi peke yake hakumponyi.

Aina za dawa

Zipo dawa zinazotuliza asidi iliyokwisha kutoka, kama vile vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini. Hufanya kazi haraka, lakini nafuu yake ni ya muda mfupi. Nyingine, kama omeprazoli, huzuia tumbo lisitengeneze asidi nyingi. Hizo huchukua siku moja hadi nne kufikia nguvu kamili, na athari yake huweza kuendelea hata siku tatu baada ya dozi ya mwisho.

Ranitidini, iliyotumika kwa miaka mingi, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi mwaka 2019 na 2020 baada ya kugundulika kuwa na kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Mwenye vidonge hivyo nyumbani amwulize mfamasia kabla ya kuvitumia.

Namna ya kumeza

Omeprazoli humezwa nzima, bila kutafunwa wala kupondwa, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi. Anayejinunulia dawa hii bila kuandikiwa na mganga asizidishe siku 14 mfululizo, na asirudie kabla ya miezi minne kupita. Mganga anaweza kuagiza wiki nne hadi nane, au zaidi. Matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza magnesiamu na vitamini B12 mwilini, na yamehusishwa na kuvunjika kwa mifupa. Aliyeitumia kwa miezi mingi asiiache ghafla bila ushauri, kwani asidi huweza kuongezeka kwa muda na kumfanya adhani ugonjwa umerejea.

Hatari ya kipindupindu

Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa watu waliojitolea yalionyesha kwamba asidi ya tumbo ikipunguzwa, idadi ndogo zaidi ya vimelea vya kipindupindu hutosha kumwambukiza mtu. Mlipuko ulioanza nchini Zambia mwezi Oktoba 2023 uliua zaidi ya watu 700. Hii haina maana kwamba aliyeandikiwa dawa aitupe. Maana yake ni kwamba asimeze vidonge kwa mazoea, na kwamba anapovitumia azidishe tahadhari: anywe maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, samaki waive vizuri, na mikono ioshwe kwa sabuni. Akiharisha majimaji, aanze kunywa maji ya ORS na awahi kituo cha afya pasipo kungoja.

Ikichanganyika na dawa nyingine

Vidonge vyenye magnesiamu au alumini huzuia dolutegraviri, iliyomo katika dawa za VVU zinazotumiwa na wengi, isifyonzwe ipasavyo. Dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baadaye. Omeprazoli haina tatizo hilo kwa dolutegraviri, lakini hupunguza sana nguvu ya atazanaviri, dawa nyingine ya VVU. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo zisimezwe pamoja na vidonge vya kutuliza asidi. Wanawake wajawazito wanaotumia vidonge vya kuongeza damu wamweleze mkunga, kwa sababu madini ya chuma huhitaji asidi ili yaingie mwilini.

Dalili za kutongojea

Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kushindwa kumeza, kukonda bila sababu, au maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitalini mara moja. Kiungulia kinachorudi kila vidonge vinapoisha nacho kinahitaji uchunguzi. Anayekwenda kliniki achukue pakiti za dawa zote anazotumia, hasa ikiwa lugha ya mganga si lugha yake: majina yaliyoandikwa kwenye pakiti yatamsaidia mganga kujua dawa zipi zisichanganywe.